Mama Tabea Mwalongo na Wanawake Waliokuja Wakivuja Damu

Tarehe 30 Juni 1957 Mama Tabea Mwalongo anaivua aproni yake, baada ya miaka ishirini na minane katika hospitali yetu hapa Njombe. Alianza kwa kufua mashuka. Ilipoonekana kwamba mikono yake haitetemeki mbele ya damu, akafundishwa ukunga. Sauti yake nayo haikutetemeka: wanaume waliokuja kutazama watoto wakinuka pombe ya ulanzi aliwarudisha wakanawe kwanza, majumbe wakiwamo.

Wengi watamsifu kwa watoto aliowapokea. Mimi, dresa, msaidizi wake wa tiba wa siku nyingi, namkumbuka kwa wanawake ambao watu wengine waliona heri wafe kimya.

Pale njia panda ya Makambako alikuwapo bwana mmoja, Laurenti, aliyejiita daktari kwa kuwa alivaa miwani. Unga wake mmoja ulitibu minyoo, homa, kuku wanaosinzia, na "kurudisha siku" za wanawake. Unga uliposhindwa, na ulishindwa daima, alitumia kijiti. Mwaka 1948 Idda, binti wa kijiji cha Kichiwa, aliletwa kwetu juu ya lori la pareto, anawaka homa, kanga imelowa damu.

Daktari wetu alisita. Sheria, alisema, inataka kwanza waitwe polisi.

"Polisi watangoja, Bwana Daktari," Mama Tabea akasema, vyombo vikichemka tayari. "Huyu hangoji."

Daktari akanawa mikono. Nilimdondoshea Idda dawa ya usingizi kwenye kitambaa puani, akasafishwa kizazi. Kazi yenyewe ilikuwa fupi, na ndilo linaloniudhi hadi leo: kazi fupi namna ile, ya mikono safi, tulikuwa tumemwachia mwenye miwani na kijiti chake.

Kesho yake wakaja wazee watatu wa kanisa, Manase mbele, nyuso zimekazwa kama ngoma iliyowambwa juani. Walitaka binti aungame pale pale kitandani.

"Kwani alijipa mimba mwenyewe?" Mama Tabea akauliza.

Manase akakohoa. "Hilo halituhusu, Mama."

"Basi na hili haliwahusu. Tokeni, nabadilisha shuka."

Kulipiza walijua. Idda akatengwa, na Mama Tabea akanyimwa Meza ya Bwana mwaka mzima kwa kuwadharau wazee. Kila Jumapili wawili hao walikaa benchi la nyuma, wakiimba kuishinda kwaya, huku aliyempa Idda mimba akipitisha kapu la sadaka. Laurenti naye serikali ilimfunga: kwa kuuza dawa bila leseni. Habari za kijiti hakuna aliyemuuliza.

Idda alipona, akaolewa Tandala. Kichiwa hajakanyaga tena, wala sioni amekosa nini.

Mama, asante kwa yote. Nenda kapalilie viazi vyako, uote moto, ulale hadi jua lipande; tunakutakia uzee wenye afya na amani. Wanaoletwa wakivuja damu tuachie sisi. Mwenye maswali atawakuta wameshapona.