Fundi Aliyetufundisha Kusema "Basi"

Tarehe thelathini Juni, fundi mkuu wa karakana ya mihimili anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Wote humwita Kaza, na wageni hudhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Silo.

Alipoajiriwa, mitambo yetu yote ilikuwa ya chuma. Kila alipofunga nati alijihimiza kwa sauti, "Kaza!", na wenzake wakamwitikia. Mkono wake ulikuwa na nguvu kupita kiasi. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, aliwahi kuulalamikia mbele yetu: "Baba huyu akifunga bomba asubuhi, hatupiki mpaka arudi jioni."

Kisha ikaja mihimili ya nyuzi za kaboni. Kwa wasioijua, mhimili ni mkono mrefu wa mtambo, unaokwenda na kurudi kwa mstari ulionyooka ukihamisha bidhaa. Ule wa chuma ni mzito: huchelewa kuanza, na ukishaanza husumbua kusimama. Huu wa nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ngumu hubebwa begani na mtu mmoja. Mteja wetu wa kwanza, mwenye kiwanda cha dawa za maji, alipouona alidhani ni kasha tu, akauliza mtambo wenyewe umeachwa wapi.

Tulikuwa na mihimili miwili tu, na siku ya majaribio ilikuwa imekaribia. Kama mteja angekataa, karakana ingefungwa. Kaza akaufunga wa kwanza kama alivyozoea. Ukalia kama biskuti kavu inayovunjwa. Chuma kikizidiwa hubonyea, nyuzi hupasuka.

Meneja aliamuru ahamishiwe kwenye uchomeleaji wa chuma. Kaza aliomba aufunge ule uliobaki, kwa spana ya kipimo, ambayo hulia "tik" nati inapofikia nguvu iliyowekwa. Tulisimama tumemzunguka. Kwa mazoea ya mkono wake, spana ililia mapema mno, na tuliuona msuli ukitaka kuongeza. Akaiondoa spana, akasema neno moja: "Basi."

Siku ya majaribio, chupa zilizojaa, zisizo na vifuniko, zilipelekwa na kurudishwa mchana kutwa, wala halikumwagika tone. Mteja akaagiza mingine.

Tangu hapo neno "kaza" limepigwa marufuku karakanani, na aliyelipiga marufuku ni mwenye jina hilo. Sote tunaofunga mihimili leo tumefundishwa naye: spana inapolia, yeye husema "Basi", nasi tunaitika. Karakana iliyokuwa ifungwe imepanuliwa mara mbili. Nyumbani nako amebadilika: kwa ushahidi wa mkewe, bomba sasa linavuja.

Wiki hii tulifunga mhimili wake wa mwisho. Yeye hakuigusa spana. Alisimama nyuma yetu, mikono mgongoni, akisikiliza. Spana ilipolia tulingoja aseme, kama ilivyo desturi. Tulipogeuka tulimkuta ametukazia macho, anatungoja sisi. Tukaitika wenyewe.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kazi na kwa neno lile. Tunakuombea afya njema, usingizi wa kutosha na bomba lisilovuja. Umetumika kwa nguvu zako zote, na spana imelia.

Basi.