Bila Picha Sipokei: Tunamuaga Mama Ushahidi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika hospitali hii, Mama Ushahidi atakabidhi dawati la malalamiko ya kompyuta tarehe 30 Juni. Sisi tuliokaa naye chumba kimoja ndio tulioombwa kuandika wasifu wake. Tunauandika kwa mapenzi, ingawa ukweli usemwe: ametuchosha.

Alianza kama mpiga chapa wa masjala, enzi za taipureta. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliifunika kitambaa isiingie vumbi; yeye aliifunua na kuanza kuibonyeza. Haukupita muda akapewa dawati la kupokea malalamiko ya kompyuta ya hospitali nzima, na hapo ndipo mateso yetu yalipoanza.

Wakati huo watu walikuwa wakifika dirishani na kusema, “Mama, hiki kidude kimegoma.” Kidude gani, kimegoma vipi, hakuna ajuaye. Fundi anapanda ngazi, anakuta waya umechomoka. Mama akachoka, akabandika tangazo: “Bila picha ya skrini, sipokei.” Daktari bingwa, mhasibu, mfagizi, wote sawa. Hata mganga mkuu aliwahi kurudishwa kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Tulinung’unika, lakini kazi ilinyooka, na mafundi wote wa leo wamepita mikononi mwake.

Mwezi Machi mwaka huu sheria hiyo ilimgeukia mwenyewe. Kompyuta zilisasishwa mwishoni mwa juma, na Jumatatu kompyuta ya maabara ikaanza mchezo mbaya. Ukifungua majibu ya mgonjwa, jina la mtu mwingine lilitokea juu yake, kufumba na kufumbua, kisha likajirekebisha. Ukichapa upesi, karatasi ilitoka na jina lisilo lake. Seremala mmoja aliyekuwa akisubiri upasuaji alipewa kundi la damu la mtu mwingine. Kilichomwokoa ni muuguzi kuikumbuka kadi yake ya zamani. Upasuaji ukasimamishwa hadi maabara iaminike, naye akabaki kitandani na njaa yake na maumivu yake.

Waliotengeneza mfumo walijibu kutoka huko waliko kwamba kwao kila kitu ni sawa. Watumiwe picha ya kosa. Mkuu wa maabara akabonyeza kitufe cha kupiga picha ya skrini. Kimya. Akaitafuta programu yenyewe kwenye orodha. Haipo, ilikwenda na usasishaji. Simu nazo ni marufuku mbele ya majibu ya wagonjwa. Akaja mbio dirishani kwetu kuomba programu irudishwe.

“Picha iko wapi?” Mama Ushahidi akauliza.

“Mama, kilichopotea ndicho hicho cha kupigia picha!”

“Basi ukikipata, uje.”

“Jamani! Nimeomba kiberiti, nawe unaniambia nije na moto? Kuna seremala kule wodini nusura tumtie damu isiyo yake!”

Mama aliinuka. Akafunga dirisha, akaenda maabara kujionea. Kisha akampigia simu fundi wa zamu. Jibu tulilisikia sote: “Tuma picha, Mama. Si ndivyo ulivyotufundisha?” Mkuki kwa nguruwe. Akapanda ngazi hadi chumba cha mafundi, akasimama mbele ya meza yake. “Sheria niliitunga mimi, leo naivunja mimi. Inuka!”

Fundi aliinuka, wakashuka wote hadi maabara. Kurudisha programu ndogo namna ile kungeweza kumzeesha mtu. Aliingia kwenye mipangilio, akahakikisha kwamba programu imeondolewa kabisa, haikujificha tu. Akaagiza isakinishwe upya. Kompyuta ikadai nywila ya msimamizi. Akaiandika, ikakataliwa, kumbe herufi kubwa zilikuwa zimewashwa. Ilipokubali, kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikazunguka. Kisha ikataka izimwe na kuwashwa, na ilipowaka ikaona huo ndio wakati mwafaka wa kujisasisha tena. Mkuu wa maabara alitoka nje asije akaipiga teke.

Hatimaye programu ikafunguka. Mama Ushahidi akavuta kiti, akaweka kidole juu ya kitufe, akawa anafungua majibu moja baada ya jingine bila kupepesa macho, hadi jina lisilo lake lilipojitokeza. Akalinasa! Picha ikatumwa, na wenye mfumo, safari hii bila ubishi, wakaliona kosa na kulirekebisha. Seremala akapimwa upya, akapasuliwa salama, akatoka hospitalini kwa miguu yake.

Jioni ile Mama alibandua tangazo lake. Tukashangilia, tena mapema mno, maana asubuhi lilikuwapo jipya: “Bila picha sipokei. Picha ikishindikana, nitakuja kuona.” Na kweli, tangu hapo amekuwa akienda: wodini, famasi, hata chumba cha maiti, huku magoti yakimlalamikia njia nzima. Atakayelirithi dawati ameshaambiwa ajitafutie viatu vya kutembelea.

Mama, asante kwa kutusumbua, na asante zaidi kwa kuinuka siku ile. Nenda kapumzike, Mungu akupe afya na miaka mirefu ya utulivu, na wajukuu wakiwa na malalamiko, uwapokee hata bila picha.