Nilivyoufuturisha Mtaa Kabla ya Magharibi

Asalaam alaykum, na nyie wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe. Shikamooni wakubwa zangu. Nimeombwa nizungumze mbele ya kikundi chetu kwa upole. Nitajaribu, ila siahidi, maana habari hii kila ikinijia mdomoni naona kinyaa.

Mie ni fundi wa majokofu hapa Nguvumali, na ni muadhini. Baba yangu aliadhini msikiti ule ule, na babu kabla yake. Majokofu ni ya kutafutia ugali, lakini kazi yetu nyumbani ni adhana. Mkitaka kujua nini hasa kiliniuma katika haya yote, ni hiyo adhana. Mengine nilishayazoea.

Tangu udogo naitwa majina. Kichwa maji, hamnazo, mzembe. Nikianza kitu hiki, jicho linaangukia kile, nakifuata kile, na hiki nakisahau utadhani hakijawahi kuwepo. Mnisamehe kama kuna waliotoka kula. Mama mmoja muuza samaki aliniletea jokofu lake linapoteza baridi, pweza wamo ndani, akaomba nilishughulikie upesi. Nikachomoa waya, nikaenda kutafuta gesi, njiani nikaona feni ya mtu imekwama, nikakaa kuifungua, na kutoka hapo nikaenda kwingine. Lile jokofu nilikuja kulikumbuka majirani walipokuja wameziba pua kwa kanga. Nilipofungua, funza wanatambaa mpaka kwenye raba ya mlango. Nililiosha mwenyewe huku natapika, na kilichonichefua kuliko funza ni mimi mwenyewe.

Basi ikaingia Ramadhani. Masika yalikuwa yameanza, mbingu nyeusi tangu mchana. Nikaenda msikitini mapema kwa sababu spika ilikuwa inakoroma, na fundi ni mie. Nikakaza waya, nikawasha, nikataka kuipima. Mtu mwingine angesema halo, halo. Mdomo wangu mbele ya kile kipaza sauti unajua neno moja tu, nikasema Allahu akbar. Sauti ikatoka safi. Nikawa nauwaza ule waya, nibadilishe na plagi yake au niiache, na ile plagi iliyoko nyumbani itafaa au haitafaa, na mdomo ukaendelea wenyewe. Nikaadhini mpaka mwisho. Wallahi sikujua ninafanya nini. Nilikuja kujua nilipoitazama saa ya ukutani, na nje nasikia vikombe vinagongana.

Mtaa ulikuwa umefuturu. Wazee waliojikongoja na saumu kutwa nzima, vibinti vinavyofunga kwa mara ya kwanza, wote wameshakunywa uji, na Magharibi bado. Imamu akasema hakuna namna, kila aliyekula ailipe siku hiyo mwezi ukiisha. Niliambiwa maneno ambayo siwezi kuyatamka mbele ya akina mama. Mzee mmoja niliyemheshimu sana alitema mate chini mbele ya miguu yangu. Kipaza sauti nikanyang'anywa siku ile ile.

Hapo ndipo ndugu zangu walipoamua kunisaidia. Nisikilizeni vizuri, maana msaada wenyewe ndio unaonitia kichefuchefu mpaka leo. Mjomba wangu alisema nina jini. Wakanipeleka kwa mganga upande wa Pangani, wakanifunika shuka gubigubi, chini wakaniwekea chetezo cha mafusho, na ndani ya mafusho mna nywele na kwato. Vuta, naambiwa, jini linachukia harufu. Nikawaza, kama lipo, basi tunachukia wote. Nikanyweshwa maji ya kijani yenye utelezi, na mganga mwenyewe muda wote anaongea na simu. Nikarudi Tanga macho mekundu, nguo zinanuka kwato, na akili ni ile ile. Watu wakinipita wanasema, mnaona, jini linatoka. Wengine wakasema bangi, na mie hata sigara sijawahi kuvuta.

Nikakaa hivyo, naisikia adhana ikipigwa na mwingine, najifungia chumbani. Mpaka mwalimu wa binti yetu alipotuita. Akasema mtoto hatulii, hamalizi kazi, mpelekeni hospitali akaangaliwe. Tukaenda watatu, mie, mke wangu na mtoto. Daktari alikuwa mama wa makamo. Akamhoji mtoto, akamhoji mke wangu, na mie wakati huo nimeshafungua kifuniko cha feni yake ya mezani. Akanitazama kidogo.

"Na wewe baba, ulipokuwa mdogo ulikuwaje?"

Mke wangu akawahi kujibu. "Daktari, usiulize ya udogoni. Muulize ya leo asubuhi."

Haikuisha siku hiyo. Tulirudi na kurudi, na mama yangu akaitwa aulizwe nilivyokua. Mwisho daktari akaniambia, mie na binti yetu, ni maradhi ya upungufu wa umakini, mtu huzaliwa nayo, hukaa ndani ya ukoo, na wapo watu wazima wengi wanaoishi nayo hawajui. Akasema si jini na si uvivu. Kuna watu wakiambiwa hivyo hulia kwa furaha. Ndugu zangu, mie nilikasirika. Nilikumbuka fimbo zote za shule, nikakumbuka zile kwato, nikatamani kumtafuta kila mtu mmoja mmoja.

Nikaanzishiwa dawa. Mwanzoni moyo ulinienda mbio na chakula kikanishinda, nikarudi, akapunguza. Baada ya hapo kelele za kichwani zikashuka, kama jirani kapunguza redio. Nilikuwa yule yule, ila nilikuwa nasikia ninachokifanya. Kisha dawa ikaadimika mjini. Nilitishika, siwafichi. Miezi ile niliishi kwa yale mengine aliyonifundisha. Nafungua jokofu moja, yaliyobaki nayafunika turubai nisiyaone. Simu ikilia kunikumbusha kitu, nasimama kwanza ndipo naizima. Mke wangu akinituma, hanitumi mambo mawili. Siku nyingine nilishindwa, tena vibaya. Dawa ilipopatikana nikairudia, na daktari ndiye aliyenipangia niimeze wakati wa daku nikiwa nimefunga. Humu kikundini, kati yetu wenye maradhi haya, wapo wanaomeza dawa na wapo wasiomeza. Msichekane, na asiwepo wa kujiamulia mwenyewe.

Namshukuru daktari yule. Namshukuru mke wangu, ambaye alikula pweza wale wa jokofu kwa pua mwezi mzima na hakuondoka. Namshukuru imamu wetu, aliyenisikiliza mpaka mwisho, akasema hakuwa anajua, kisha akanirudishia Magharibi kwa sharti kwamba siku ya kuadhini nisiguse nyaya. Na nyie mlio na mtu wa namna hii nyumbani, mleteni hapa. Mkishindwa kumleta, basi angalau msimfukize.

Ramadhani iliyofuata niliadhini kwa wakati wake, saa naiangalia. Nikatoka barazani. Wanaume wamezunguka mkeka, kila mmoja ana tende mkononi, hakuna anayekula. Walikuwa wanasikiliza msikiti wa mtaa wa pili. Mpaka kule kulipoadhiniwa ndipo wakatia mdomoni. Niliwaona kinyaa, nikajiona kinyaa na mimi, nikaenda nyumbani nimwambie mke wangu sirudi. Akaniambia, "Kesho utakwenda." Nikaenda. Wakasubiri tena, na kesho yake, na iliyofuata.

Kumi la pili la Ramadhani limeingia, jioni moja nikamaliza adhana, nikatoka, na msikiti wa mtaa wa pili bado haujaadhini. Sahani iko katikati ya mkeka, imejaa kokwa tupu. Wameshakula zote, wameshageukia uji, hakuna hata aliyenitazama. Tende hawakunibakizia hata moja. Nikaketi nao, nikanywa maji.