Robo Mzunguko: Kumuaga Jytte Nørskov, Fundi wa Kabureta

Ijumaa tarehe 31 Januari 2025, Jytte Nørskov anastaafu baada ya kulitumikia Jumba la Pikipiki la Hvidsted, makumbusho yetu hapa Jutland magharibi, Denmark, kwa miaka thelathini na sita na miezi sita. Katika muda huo wote amechelewa kazini mara moja tu, siku theluji ilipoziba mlango wa nyumba yake, na siku hiyo alipiga simu kuomba radhi kwa dakika ishirini alizokuwa hajazichelewa bado. Mimi naitwa Preben Dalgaard, karani wa tiketi. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kama alivyosema mwenyekiti wetu wa bodi, Asger Lindholt, "wewe ndiye uliyeteswa naye kuliko wote."

Alikuja kwetu Agosti 1988 kutoka kiwanda cha maziwa, alikokuwa akitengeneza mashine za kutenganisha krimu. Fundi mkuu wa wakati ule hakujua amfanyishe nini, akampa ufagio. Karakanani palikuwa na pikipiki iliyogoma kuwaka kwa miezi miwili. Jytte alifagia mpaka ilipo, akafungua kabureta, akachomoa unywele mmoja wa ule ufagio na kuzibulia kitundu cha petroli. Pikipiki ikawaka kwa kiki ya pili. Ufagio ukarudi stoo, na hadi leo hakuna anayethubutu kuingiza waya, unaokwaruza kitundu, kwenye kabureta mbele yake.

Kwa msiojua kazi yenyewe: pikipiki za zamani hazina kompyuta ya kupima mafuta. Zina kabureta, na ubavuni mwake kuna skrubu ndogo inayoamua hewa kiasi gani ichanganyike na petroli. Hewa ikizidi, injini inachemka, inakohoa na kuzima. Petroli ikizidi, inatoa moshi mweusi na kuijaza plagi ya cheche masizi. Kati ya hayo mawili pana nafasi nyembamba sana, na Jytte huitafuta kwa robo mzunguko wa bisibisi. Anageuza, anangoja, anatazama, kisha anageuza tena. Wakati huo kikombe chake cha kahawa kinakuwa juu ya kiti cha pikipiki, na kiganja chake kinakuwa nyuma ya ekzosi. Tulidhani anapenda kahawa iwe karibu, na kwamba vidole vyake vina baridi. Wageni walinong'onezana kwamba mama huyu ana sikio la ajabu, naye hakuwahi kuwakatalia.

Shughuli ilianza Januari mwaka jana. Bodi ilikaa, ikaona kwamba Jytte anaondoka baada ya mwaka mmoja na kwamba hakuna mwingine anayeweza kuzirekebisha pikipiki zetu kumi. Ikapendekezwa matangi yakaushwe, kabureta zitolewe, na pikipiki zisimame ukumbini kama sanamu. Jytte aliomba kuingia kikaoni. Hakuketi. Alisema, "Mkizikausha, mtakuwa mmebaki na chuma. Nipeni mpaka Desemba nimfundishe mtu."

Asger alikubali kwa sharti. Jumamosi tarehe 7 Desemba, mtu huyo aiwashe pikipiki ya mkunga ikiwa baridi, iungurume uani dakika kumi bila kuzima, kisha aiendeshe mpaka kanisani na kurudi. Jytte asiiguse hata kwa kidole. Ikizima, zote kumi zinakaushwa Jumatatu yake. Pikipiki ya mkunga, kwa wageni mnaosoma haya, ni ile nyeusi ya mwaka 1937 yenye kigari cha pembeni. Nusu ya wazee wa Hvidsted, walipozaliwa, walipokewa na mikono iliyofika juu yake, na ndiyo yenye kabureta korofi kuliko zote.

Mtu aliyechaguliwa nilikuwa mimi. Si kwa kipaji. Nilikuwa mfanyakazi pekee aliyebaki ambaye si wa muda. Nilimwambia Jytte ukweli mapema: mimi sina sikio. Kwaya ya kanisa iliwahi kuniomba kwa upole nikagawe vitabu vya nyimbo badala ya kuimba.

"Nani kakuuliza habari ya sikio?" akanijibu. "Shika bisibisi."

Kuanzia hapo sikupumua. Kila Jumanne na Alhamisi, baada ya kufunga dirisha la tiketi, nilisimama karakanani. Kila nilipolalamika kwamba sisikii tofauti, alininyamazisha na kuniwekea kikombe juu ya kiti. Kahawa ikitikisika kwa viduara vilivyo sawa, injini imetulia. Vikivunjikavunjika, kuna kinachokosekana. Halafu kiganja nyuma ya ekzosi: pumzi ziwe na mpangilio, zisije mbili za nguvu na moja dhaifu. Mwisho plagi. Ikitoka nyeupe, hewa imezidi. Ikitoka nyeusi, petroli imezidi. Ikitoka rangi ya kahawa yenye maziwa, nenda nyumbani ukale.

Oktoba nilijiona nimeiva. Nikaiwasha pikipiki ya mkunga, jiko la kuni likiwaka karibu yangu, nikaitengeneza mpaka kahawa ikatulia vizuri. Nikamwita Jytte kwa majivuno, nikaisukuma nje kwenye upepo wetu wa kaskazini. Ilikohoa mara tatu ikazima, na haikuwaka tena siku ile.

"Umeirekebisha kwa ajili ya kuota moto," alisema, "siyo kwa ajili ya barabara. Hewa ya huku nje ni nzito kuliko ya kwenye jiko lako."

Nilimwambia naacha, bodi ifanye itakavyo. Sijivunii maneno hayo, lakini niliyasema. Jytte hakunibembeleza. Aliitoa meza ya kazi nje, akaiweka ukutani upande wenye upepo, akarudi kuchukua kikombe. Wiki sita zilizofuata tulifanyia kazi uani, tukiwa na kofia za sufu, na pua zetu zikivuja kama kabureta mbovu. Kama ningeacha, nadhani angemshika mwanamama wa mkahawa amfundishe, na baada yake tarishi.

Tarehe 7 Desemba ilikuwa baridi ya nyuzi mbili chini ya sifuri. Bodi yote ilisimama uani, na majirani kadhaa juu ya ukuta. Jytte alisimama karibu na lango, mikono mfukoni kama alivyoagizwa. Pikipiki iliwaka kwa kiki ya tatu. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Ya nne, niliona kahawa kwenye kiti ikianza kuvunja viduara. Masikio yangu hayakuniambia kitu. Niliweka kiganja nyuma ya ekzosi, pumzi moja ikapotea, kisha nyingine. Nilitamani sana kumtazama Jytte, nikajizuia. Nikaikaza skrubu ya hewa nusu ya robo mzunguko, nikangoja, na kungoja huko ndiko kugumu. Viduara vikarudi.

Dakika ya kumi ilipotimia nilipanda, nikaenda kanisani na kurudi, nikaizima, nikafungua plagi na kumpa Asger. Aliigeuzageuza mkononi muda mrefu. Ilikuwa rangi ya kahawa yenye maziwa.

"Si mbaya," alisema Asger. Watu wa Jutland magharibi wanajua kwamba hakuna sifa kubwa zaidi ya hiyo. Palepale bodi ikapiga kura kwamba hakuna tangi litakalokaushwa.

Kisha Asger akamgeukia Jytte. "Wewe lazima ulisikia pale ilipotaka kuzima. Ulijizuiaje kukimbilia?"

"Sikusikia kitu," alisema Jytte. "Injini ikiunguruma polepole hivi, sijaisikia tangu 2019."

Akaeleza kwa sauti yake ileile ya kila siku kwamba masikio yake yalikwisha taratibu kwa ngurumo za chini, ingawa maneno ya mtu wa karibu bado anayasikia, na kwamba angesema mapema, pikipiki zingekaushwa mapema. Kwa hiyo alijifundisha upya, peke yake, kwa kikombe na kiganja. Ameniruhusu kuyaandika haya. Mimi niliyempigia kelele mwaka mzima kwamba sina sikio, niliona aibu, halafu nikacheka, halafu nililia kidogo. Yeye alinipa kitambaa cha kufutia grisi.

Jytte, kwa niaba ya wote tuliofanya kazi nawe, asante kwa miaka yako, kwa ukali wako, na kwa kutokubali hata siku moja kwamba haiwezekani. Mikate na jibini vitakuwa mezani saa nne asubuhi, pamoja na bendera ndogo kama desturi yetu ya sherehe, na hotuba hazitakuwepo kwa sababu unazichukia. Saa tano kamili nitaziwasha zote kumi uani, moja baada ya nyingine. Nimeweka kikombe juu ya kila kiti. Njoo na viganja vyako, upite nyuma ya kila moja, na yoyote utakayoona imekosea robo mzunguko, niambie kabla hujatoka getini. Ukitoka, toka na amani, afya na siku nyingi njema.