Verna Surette na Vikao Kumi na Tisa

Wasikilizaji wapendwa, kama birika linapiga filimbi jikoni, lizimeni kwanza. Leo nataka nisikike vizuri.

Tumempoteza Verna Surette. Verna Surette wa Ghuba ya Daigle, dereva wa basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja, amefariki Jumanne iliyopita nyumbani kwake. Alikuwa na miaka sabini na minane. Wengi wenu mlipanda basi lake. Wengi wenu aliwafokea kwa kusimama kabla basi halijatulia, na baadhi yenu, nawajua kwa majina, mlistahili.

Lakini leo namkumbuka kwa jambo jingine. Serikali ya mkoa wetu ilimwita kutoa maoni mara kumi na tisa. Narudia: mara kumi na tisa. Na mara zote kumi na tisa Verna alikwenda.

Jambo lilianza mwezi wa tano, miaka ishirini na kitu iliyopita. Verna alikuwa ameshashusha watoto shuleni, anarudi na basi tupu. Pale barabara inapovuka Kijito cha Barkhouse akaona shakwe wengi mno, wamejaa juu ya maji kama wamealikwa. Akasimamisha basi, akashuka. Chini ya lile kalavati la chuma, lililowekwa mwaka sitini na nane, kulikuwa na samaki wa gaspero wasiohesabika. Wametoka baharini, wanataka kupanda kwenda ziwani kutaga mayai. Mdomo wa kalavati ulikuwa juu ya maji kwa shubiri tatu. Gaspero si samaki wa kuruka. Walikuwa wanagonga vichwa, wanarudi nyuma, wanagonga tena, na shakwe wanawaokota.

Verna aliporudi nyumbani akamwambia mumewe, marehemu Leander, mvuvi wa kambakoche mnayemkumbuka. Leander alijua mara moja maana yake. Gaspero ndiye aliyekuwa chambo cha madema yake kila masika, na kila masika alikuwa anampata kwa shida zaidi. Akasema, "Basi, mama, kamwambie mtu."

Mtu gani? Hapo ndipo miaka ishirini ilipokwenda.

Aliwakusanya majirani sita jikoni kwake, akawapikia rapi, ile pai yetu ya viazi vya kukuna, wakaunda kikundi. Wakakiita Marafiki wa Kijito cha Barkhouse. Watu saba tu. Katibu alikuwa Hollis Nickerson, mpima ardhi mstaafu, mtu wa kalamu nne mfukoni. Hollis ndiye aliyesoma mwongozo wa mkoa kuhusu barabara na vijito, kurasa mia na arobaini, akakuta kinachowauma. Mwongozo ulisema anayejenga barabara juu ya kijito "anaweza kutakiwa" kuacha njia ya samaki. Anaweza kutakiwa. Verna alitaka neno moja badala yake. Alitaka "lazima".

Aliwahi kuniambia hapa hapa studio, "Mimi naweza kwenda kanisani kila Jumapili. Muulizeni padri kama huwa ananiona."

Kikao cha kwanza kilikuwa mji mkuu wa mkoa, mwendo wa saa tatu kwa gari. Verna na Hollis walikwenda na daftari la idadi ya samaki, na picha, na ramani aliyoichora Hollis kwa mkono. Walisikilizwa kwa adabu. Walishukuriwa. Baada ya miezi minane ikatoka ripoti yenye jalada zuri la rangi ya bahari, na katika ukurasa wa thelathini na moja, mstari mmoja: "Baadhi ya washiriki walionyesha wasiwasi kuhusu samaki."

Verna aliusoma mstari ule mara tatu. Kisha akamuuliza Hollis, baadhi ya washiriki ndio nani? Hollis akamwambia, ni sisi. Verna akasema, "Wasiwasi ninao nikifika kanisani nikakumbuka jiko linawaka. Hawa sikuwapa wasiwasi. Niliwapa daftari."

Mstari ule, wasikilizaji wapendwa, ulirudi katika ripoti ya pili. Ukarudi katika ya tatu. Katika ya tano waliubadilisha kidogo, wakaandika "wadau kadhaa".

Nitawasimulia kikao kimoja hivi ili mjue nasema nini. Wizara ilipanga kikao Jumatatu ya mwisho ya Novemba. Mnaoishi huku mmeshashika vichwa. Ndiyo, siku ya kutosa madema, msimu wa kambakoche unapofunguliwa. Siku ambayo hata mbwa wa ghuba hii wako gatini. Verna aliandika kuomba siku nyingine yoyote. Akajibiwa kwamba tarehe imechaguliwa kwa kuzingatia nafasi za wadau wote. Alikwenda peke yake, kwenye theluji, saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Alikuta maofisa wanne, viti arobaini na sahani ya biskuti. Mwezeshaji wa kikao akampa stika za duara, kijani, njano na nyekundu, akamwomba abandike ukutani kuonyesha vipaumbele vyake.

Verna akaziweka stika mezani. Akamwambia yule kijana, kwa upole, na mwanawe Rémi anasema upole wa mama yake ulikuwa unatisha kuliko kelele zake: "Nimeendesha basi miaka mingi, mwanangu. Breki zikikatika, fundi haniambii nibandike duara. Ananiuliza nini kimetokea. Niulize."

Kijana akamuuliza. Akaandika kila kitu. Kikao kilichofuata yule kijana alikuwa amehamishwa.

Hilo nalo lilikuwa hivyo daima. Kila kikao sura mpya. Kila kikao Verna alianza upya: gaspero ni nani, anatoka wapi, haruki. Alihesabu. Aliwafundisha maofisa kumi na mmoja.

Baada ya kikao cha kumi na moja, kikundi kilichoka kusema. Masika ile, Hollis na wanaume wawili walivaa viatu vya mpira, wakaingia kijitoni na kupanga mawe chini ya kalavati, ngazi kwa ngazi, mpaka maji yakapanda na kufikia mdomo wa bomba. Kazi ya siku mbili, haikumgharimu mtu chochote isipokuwa mgongo wa Hollis. Na gaspero wakapita. Verna alikaa ukingoni na kidude cha kubofya, akahesabu elfu mbili mia tatu na sita. Nilikwenda kuwaona mwenyewe. Sijawahi kumwona mtu mzima akicheka peke yake namna ile.

Juni ikaja barua. Mawe yaondolewe ndani ya siku thelathini. Yaliwekwa bila kibali. Na kibali, nasoma kama ilivyoandikwa, maana barua ninayo mbele yangu, "hakingeweza kutolewa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kutoa maoni."

Nimeisoma mara nyingi.

Verna aliyaondoa mwenyewe. Alisema ni afadhali mkono wake kuliko wa mgeni. Hollis alisimama barabarani akimtazama, na alipomaliza akamwambia kwamba yeye basi, ameacha. Akamwambia, "Verna, wanatuita ili waandike kwamba walituita."

Verna akajibu, "Najua. Nisipokwenda, wataandika kwamba sikuwa na la kusema."

Hawakugombana. Hollis aliendelea kumletea kuni kila vuli. Lakini vikaoni hakurudi tena, na mmoja mmoja wengine nao wakamfuata. Kikundi cha watu saba kikabaki na Verna.

Kisha Leander akaugua moyo. Alizikwa mwezi wa tatu, ardhi ikiwa bado ngumu kwa barafu. Siku tisa baada ya mazishi kulikuwa na kikao, na Verna alikwenda. Wifi yake Glenda, dada wa Leander, hakuweza kulimeza hilo. Alimpigia simu akamwambia, "Kaka yangu hata kaburi halijakaa sawa, wewe umewakimbilia wale watu wa makaratasi." Akakata simu. Kwa miaka mingi hawakusemeshana, na nyumba zao zinatazamana.

Verna hakujitetea. Alikwenda kikao kilichofuata, na kilichofuata. Mwaka wa korona vikao vikahamia mtandaoni. Intaneti ya kwake ilikuwa inakatika, basi aliegesha gari la Leander nje ya maktaba akajifunga blanketi, akasoma hoja zake zote kwenye simu mpaka mwisho. Alipomaliza akaambiwa kipaza sauti chake kilikuwa kimezimwa. Akaomba arudie. Muda ulikuwa umekwisha. Akaandika barua pepe, na jibu likaja sekunde hiyo hiyo, jibu la mashine: "Sauti yako ni muhimu kwetu."

Sasa nisiwe mwizi wa fadhila. Hakuwa kila mtu hivyo. Kulikuwa na binti mmoja, Janelle Corkum, aliyeanza kazi pale wizarani kama mwandishi wa kumbukumbu za vikao. Miaka ikapita, binti akapanda cheo, akapewa kuandika rasimu ya kanuni mpya. Akampigia Verna simu nyumbani, akaomba madaftari ya samaki. Verna akamjibu kwamba ameshayatuma mara nne.

"Najua, mama," Janelle akasema. "Nimeyatafuta. Nimekuta mawili tu. Nayahitaji yote, na safari hii nitakuja kuyachukua kwa mkono."

Akaja. Alikaa jikoni pale mchana kutwa akinakili, akala rapi sahani mbili. Baada ya hapo kukawa na kikao cha kumi na tisa, na baada ya kikao cha kumi na tisa kanuni ikatoka. Rémi alikuwepo mama yake alipoifungua. Anasema alivua miwani, akaivaa tena, akasoma tena. Kisha akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Neno lilikuwepo. "Lazima." Anayejenga barabara juu ya kijito ni lazima aache njia ya samaki. Ila sentensi haikuishia hapo. Ilisema, kwa makalavati mapya. Ya zamani yabaki kama yalivyo. Kalavati la Barkhouse ni la mwaka sitini na nane.

Verna akasema, bado amegeukia sinki, "Miaka yote hii nimewaomba neno moja. Wamenipa, wakaniongezea na jingine."

Mwaka jana mafuriko ya Aprili yalibomoa barabara upande wa pili wa kaunti, kilomita arobaini kutoka hapa. Ilipojengwa upya, kalavati likawa jipya, kwa hiyo ni lazima. Mwezi wa tano mwaka huu Rémi akampeleka mama yake kuona. Verna alikuwa ameshadhoofu. Alikaa kwenye kiti cha kukunja kando ya maji, na gaspero walikuwa wanapita, kundi baada ya kundi, bila kugonga popote. Mzee mmoja wa pale akawajia, akamweleza Verna kwamba hawa wanaitwa gaspero na kwamba hawajui kuruka. Verna alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru.

Mzee alipoondoka akamwambia Rémi, "Watu wa hapa hawajahudhuria hata kikao kimoja."

Rémi akamuuliza kama ana hasira.

"Ninayo," akasema. "Lakini hebu waangalie."

Hiyo ilikuwa masika yake ya mwisho. Alipolala kitandani, Rémi alivuka barabara kwenda kwa shangazi yake Glenda, akamwambia jambo ambalo mama yake hakulisema kamwe. Kwamba Leander, siku mbili kabla ya kufa, alimshika Verna mkono akamwambia, "Nenda kwenye kikao chako. Mimi sina pa kwenda." Glenda alivaa koti siku hiyo hiyo. Jana aliniambia, "Nilidhani anawapenda samaki kuliko kaka yangu. Kumbe alikuwa anatimiza wosia, na mimi nilimnyima hata salamu." Alimuuguza wifi yake wiki sita. Yeye ndiye aliyemfumba macho.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii na ghuba nzima, nampa pole Rémi na mkewe. Nampa pole Glenda. Nampa pole Hollis Nickerson, ambaye aliniomba nisimtaje, nami nimekataa. Mungu ampumzishe Verna Surette mahali pasipo na fomu ya kujaza.

Nanyi mliobaki, naomba tujiulize, mimi nikiwa wa kwanza. Kwa miaka yote hiyo tulikuwa tunasema, Verna yupo, atatusemea. Tukawaacha watu wamwite "baadhi ya washiriki", na kweli hakuwa zaidi ya hapo, kwa sababu sisi wengine tulikuwa nyumbani.

Jumamosi, siku ya mazishi, barua ilifika kwa jina lake. Kikao cha ishirini. Safari hii ni hapa hapa kwetu, Alhamisi ijayo, saa kumi na mbili jioni, ukumbi wa zimamoto. Ni kuhusu makalavati ya zamani. Glenda ameshajiandikisha kuzungumza. Anasema hajui lolote kuhusu samaki, anajua tu neno gani lifutwe: "mapya".

Kila msemaji anapewa dakika tatu. Nimepiga hesabu. Tukienda watu arobaini, kila mmoja akasimama akataja neno hilo hilo, ni saa mbili nzima. Waache waandike hapo kwamba ni baadhi.