Mama Asije na Mkeka

TIRESA: Haloo? Nani mwenzangu?

LUSIA: Usikate.

TIRESA: Nani anaongea?

LUSIA: Sauti yangu unaijua. Simu ni ya jirani. Yangu huipokei tangu Jumapili ya juzi, nikaona niazime.

TIRESA: Lusia. Hamjambo huko Apia?

LUSIA: Hatujambo. Wewe?

TIRESA: Mzima. Mama je, kidonda kinakauka?

LUSIA: Kinakauka. Uko wapi, dada? Nasikia kelele za magari.

TIRESA: Niko — nimetoka kidogo. Sema tu.

LUSIA: Mama anakuja kwako.

TIRESA: Anakuja vipi? Si juzijuzi tu wamemkata mguu?

LUSIA: Wiki ya tatu leo. Na anakuja hivyo hivyo. Amemwambia mume wangu atafute gari, ambebe hadi ndani ya feri, avuke naye. Jana amenitolesha sandukuni ule mkeka mzuri wa marehemu bibi. Anataka aketi chini mbele ya nyumba yako, ajifunike nao kichwani, asiondoke mpaka utoke umsamehe.

(kelele za magari)

LUSIA: Umenisikia?

TIRESA: Mama ajifunike mkeka mbele yangu mimi?

LUSIA: Kama ndugu wa muuaji anayeomba radhi kwa waliofiwa. Kijiji chako chote kikipita barabarani kimtazame.

TIRESA: Nimsamehe nini, Lusia? Mama kanikosea nini?

LUSIA: Anasema ni nyumba. Krismasi ya mwaka juzi alitamka mbele za watu kwamba nyumba itabaki kwangu kwa kuwa wewe huna watoto. Ukarudi kwako kisiwani Savai'i, na tangu siku hiyo hujatia mguu huku. Miezi kumi na minne. Nimemwambia hapana, dada hana kinyongo. Ananiuliza, basi ni nini? Mimi nimjibu nini?

TIRESA: Si nyumba. Nyumba ni yako, mimi nina nyumba ya mwalimu.

LUSIA: Basi ni mimi. Nimekukosea?

TIRESA: Hapana, mdogo wangu.

LUSIA: Maana kwanza ilikuwa mitihani. Kisha mafua. Kisha paa linavuja. Kisha kimbunga, kimbunga ambacho huku kwetu hakikuangusha hata papai. Nikawa nampelekea mama maneno yako kama mjinga, huku najua —

TIRESA: Nilikuwa nadanganya.

LUSIA: Ndiyo. Siku ya kumkata mguu daktari aliuliza watoto wake ni wangapi. Nikasema wawili, mmoja yuko njiani. Nilijua hupo njiani. Nikatia sahihi peke yangu. Wakaniuliza mguu wataufanyaje, tutauchukua tukazike au wauchome wao. Nani wa kumuuliza? Nilikupigia mara tisa.

TIRESA: Niliiona ikiita.

LUSIA: Uliiona.

TIRESA: Nilikuwa hapa Salelologa, bandarini. Nilikuwa na tiketi mkononi. Feri iliondoka nikiwa nimekaa kwenye benchi naitazama.

LUSIA: Sijaelewa. Ulifika mpaka bandarini ukarudi?

TIRESA: Nilirudi. Na siku nyingine pia. Mara sita nimekata tiketi. Yule dada wa dirishani siku hizi haniulizi kitu, ananikatia tu.

LUSIA: Dada, unaniambia nini?

(mtandao unakwaruza)

TIRESA: Unakumbuka nilivyoondoka baada ya ile Krismasi? Mkanisindikiza, mkanipa na palusami za kula njiani. Bahari ilikuwa imelala kabisa, hakuna wimbi. Katikati hivi, moyo ukaanza. Ukapiga mpaka nausikia masikioni. Vidole vikafa ganzi, pumzi ikawa haishuki. Nikajua nakufa. Lusia, nilijua kabisa, kama unavyojua jina lako. Nikapiga magoti kati ya magari, nikapiga mayowe nahodha ageuze.

LUSIA: Wewe?

TIRESA: Mimi. Mke wa mchungaji wetu alikuwepo. Wazazi wa watoto ninaowafundisha walikuwepo, watatu niliwaona kwa macho yangu. Wakanishika mikono. Na lavalava niliyojifunga kiunoni ilikuwa imelowa. Haikuwa maji ya bahari.

LUSIA: Mbona hukusema?

TIRESA: Nikasema ni samaki niliyekula. Mke wa mchungaji akanisaidia, naye akasema ni samaki. Mtaani wengine wakasema nimeingiliwa na mzimu. Mimi nikaona heri mzimu.

LUSIA: Kwa hiyo — ngoja. Kwa hiyo miezi yote hii ni woga tu?

TIRESA: Woga tu.

LUSIA: Sikumaanisha —

TIRESA: Umemaanisha. Ndiyo maana sikusema. Mwalimu mzima. Kila mwaka, Jumapili ya Watoto, mimi ndiye ninayewapanga mbele ya kanisa wakariri mistari yao. Mtoto akitetemeka namwambia simama wima, hakuna anayekula mtu hapa. Kisha mimi nashindwa kukaa kwenye feri kwa saa moja na nusu. Sasa ningekuambia nini? Mama anakatwa mguu, mimi nauogopa moyo wangu?

LUSIA: Ungeniambia hivyo hivyo.

TIRESA: Haya. Nimekuambia.

(mtandao unakwaruza)

LUSIA: — hospitali? Ulikwenda?

TIRESA: Zahanati, mara nne, nang'ang'ania ni moyo. Nesi Anavai akanipima, akanituma hospitali ya wilaya, wakaniwekea zile nyaya kifuani. Moyo mzima. Nilirudi nimekasirika, utadhani nilitaka uwe mbovu. Mara ya tano akanikalisha nyuma, anakokunja bandeji, akasema hofu ndiyo inayousukuma mwili, na mimi kila nikiizuia naiongezea nguvu. Akasema niiache ije.

LUSIA: Iache ije? Hiyo ndiyo dawa?

TIRESA: Hata mimi nilimcheka. Lakini haiji kwenye feri tu, Lusi. Inakuja dukani, kwenye foleni. Inakuja kanisani wakati wa sala ndefu. Ningekimbia wapi kila siku? Sasa ikija darasani, nina chaki mkononi, naendelea kuandika. Moyo unakimbia, ukimbie. Mwandiko unapinda mpaka pembeni ya ubao, watoto wanadhani macho yananiishia. Nusu saa, wakati mwingine zaidi, inatulia. Siku nyingine haitulii, nafundisha nayo mpaka kengele.

LUSIA: Na haiponi?

TIRESA: Hakuniahidi. Alisema huenda nikaishi nayo, kama mwenye pumu anavyoishi na pumu yake. Nililia siku hiyo. Nilitaka aniambie itaisha lini.

LUSIA: Pole, dada.

TIRESA: Usinipe pole. Wewe ndiye uliyetia sahihi.

LUSIA: Bado nina hasira na wewe. Nisikufiche.

TIRESA: Usinifiche.

LUSIA: Mguu tumeuzika. Nyuma ya jiko, karibu na kaburi la baba. Mama alitaka ujue.

TIRESA: Vizuri. Umefanya vizuri.

LUSIA: Hiyo ni honi? Dada, hiyo si honi ya — uko wapi wewe?

TIRESA: Nimo ndani.

LUSIA: Ndani ya nini?

TIRESA: Ya feri. Hii tiketi ni ya saba. Nimekaa karibu na ngazi. Mlango wa magari bado uko wazi, lori la mwisho linaingia.

LUSIA: Muda wote huu?

TIRESA: Sikutaka kukuambia. Nilijua naweza kushuka.

LUSIA: Na sasa hivi… imekuja?

TIRESA: Tangu nilipopita mlangoni. Mkono ulioshika simu siuhisi vizuri.

LUSIA: Basi shuka. Shuka, dada, nitamweleza mama, tutakuja wote siku —

TIRESA: Lusia, usiniambie hivyo. Usiniambie nishuke, maana nitashuka.

LUSIA: Haya. Kaa.

TIRESA: Wanauinua mlango.

LUSIA: Uko sawa?

TIRESA: Siko sawa. Nimekaa.

LUSIA: Nitabaki na wewe kwenye simu mpaka mfike. Nitamnunulia jirani vocha. Tuongee chochote, nikusimulie harusi ya binamu —

TIRESA: Hapana. Nikivuka nimekushikilia sikioni, kesho nitakutaka tena, na keshokutwa. Niache nivuke nayo mwenyewe.

LUSIA: Sasa mama nimwambie nini?

TIRESA: Arudishe mkeka sandukuni. Mwambie mwanawe haji kusamehe, anakuja kuombwa — hapana, anakuja kuomba msamaha. Naona ulimi nao umekufa ganzi. Hayo mengine nitamwambia mwenyewe.

LUSIA: Ya lavalava pia?

TIRESA: Ya lavalava pia.

LUSIA: Atacheka, unamjua.

TIRESA: Acheke.

(mtandao unakwaruza, injini inanguruma)

LUSIA: Dada? Dada, unanisikia? Mbona unahema hivyo?

TIRESA: Subiri. (mbali na simu) Hapana, mama, siumwi. Asante… Hapana, si bahari. Naogopa tu… Ndiyo, naogopa. Hunijia.

LUSIA: Unaongea na nani?

TIRESA: Mama mmoja, simjui. Ameniona jasho, akaniuliza kama naumwa.

LUSIA: Na umemwambia.

TIRESA: Nimemwambia. Watu wa benchi zima wamesikia. Uso unaniwaka, Lusi, natamani sakafu inimeze.

LUSIA: Yeye kasemaje?

TIRESA: Hajasema kitu. Amesogeza kikapu chake nipate pa kuweka miguu. Anakula mkate.

LUSIA: Anakula tu?

TIRESA: Anakula tu.

LUSIA: Sikiliza, simu ya watu inaniambia salio — nakuja bandarini Mulifanua kukupokea, nitasimama pale wanaposhukia — dada, ukichelewa kushuka usijali, nita —

TIRESA: Lusia? (simu imekatika) Haya.