Tundu la Kontena la Kumi na Moja

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Mkurugenzi wetu, Bwana Zubeir, mashehe na wachungaji wetu, ndugu wakulima wa korosho mlioondoka Maneromango alfajiri kwa barabara ile mnayoijua wenyewe, wakaguzi wenzangu, na wewe mwenye siku yako, Mama Eugenia, unayestaafu leo, shikamoo.

Kabla ya lolote, ninalo tangazo zito. Jogoo mwekundu, aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani na kuwekwa nyuma ya spika, ametoroka saa nane na dakika ishirini mchana huu. Kwa taarifa zilizothibitishwa, hivi sasa yuko chini ya meza kuu, jirani na kiatu cha Mheshimiwa. Wananchi mtulie. Jogoo ni wangu, na sababu ya kumleta ukumbini nitaieleza.

Ndugu zangu, kwa miaka ishirini na sita majirani hapa Tumbi wamemwona Mama Eugenia akitoka asubuhi na buti na kofia ngumu, wengine wakidhani ni fundi ujenzi. Huyu ni mkaguzi huru wa shehena. Kazi yake si kumfurahisha muuzaji wala kumpendelea mnunuzi; anautazama mzigo kabla haujapanda meli, anaandika alichokiona, basi. Na mtu aliyeko ng'ambo, asiyejua hata Kisarawe iko upande gani, anaiamini karatasi ile. Hebu fikirini: mtu hajawahi kukuona, wala hatakuona, lakini anayaamini macho yako! Jambo hilo linanitisha mpaka leo.

Na macho yenyewe anayatumiaje? Kontena tupu likiletwa, huingia ndani, kisha huwaambia vijana, "Fungeni." Mlango unasukumwa mpaka mwisho. Anabaki gizani, ndani ya bati lililochomwa na jua tangu asubuhi, akitafuta mwanga. Maana panapopita jua, mvua na maji ya chumvi navyo vitapita.

Hadithi ya kontena la kumi na moja wote mnaijua. Kila mkaguzi mpya husimuliwa. Miaka tisa iliyopita, korosho za Maneromango, jasho la vijiji vizima msimu mzima, na kijana hodari Khalfani (nilikuwa kijana, msicheke) akaliona tundu ambalo lingeziozesha baharini. Mzee Nathan, mwenyekiti wa ushirika, akaniletea jogoo mwekundu. Nikamla na wali wa nazi. Na leo, dakika kumi zilizopita, Mkurugenzi ametangaza kwamba Mkaguzi Mkuu mpya ni mimi, "kwa jicho lile la kontena la kumi na moja." Mkapiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia sahani.

Mkurugenzi, jicho lile halikuwa langu.

Ilikuwa hivi. Mimi, na mwili wote huu, naogopa giza. Kwa hiyo nilikuwa na utaratibu wangu: naingia, naacha mlango wazi kiasi cha kiganja, nazunguka haraka, natoka. Sasa mwanga wa mlangoni ukishaingia, tundu utalionaje? Makontena kumi niliyakagua hivyo. La kumi na moja nikaliandika "zima", nikatia sahihi. Mama Eugenia akaja, akaisoma karatasi, akalitazama shati langu.

"Khalfani, mbona hujatoka jasho?"

Nikajipapasa mgongo: mkavu.

"Twende."

Wakala wa usafirishaji akapaza sauti nje, "Mama, lori linasubiri!"

"Lisubiri. Fungeni."

Nikamshika mkono kama mtoto wa chekechea.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, Mama."

"Tulia. Macho hayajafika."

Sijui tulikaa muda gani. Kisha juu kabisa, kwenye kona, ikajitokeza nukta ya mwanga, ndogo kuliko punje ya mchele. Na kutoka kwenye nukta ile uzi mwembamba wa jua ukashuka gizani mpaka kifuani kwangu, vumbi likielea ndani yake. Uzi ule ulikuwepo tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa nauzima kwa mlango wangu. Nikasahau hata kuogopa.

Tulipotoka wakala akacheka. "Hilo ndilo tundu? Hata sisimizi hapiti!"

"Sikuwa natafuta njia ya sisimizi, baba," Mama akamjibu. "Mvua inapita."

Akaichana karatasi yangu. Yale kumi tukayarudia, mlango umefungwa; yalikuwa mazima, lakini si kwa ujuzi wangu. Mzee Nathan alipouliza nani kaliona tundu, Mama alisema tu, "Khalfani alikuwa ndani." Kweli nilikuwa ndani. Yaliyobaki mliyaongeza wenyewe, nami nikayaacha, miaka tisa. Mama hajanikumbusha hata siku moja. Ila kila nikitoka kwenye kontena, hunitazama mgongo kuona kama shati limelowa.

Mzee Nathan, nisamehe. Mama Eugenia, jogoo wako yuko chini ya meza. Mkurugenzi, cheo ukikichukua, nitaelewa. Lakini Jumatatu kuna makontena arobaini ya kukagua kwenye yadi, na nimeshawaambia vijana: nikiingia, wafunge. Bado naogopa.

Nawashukuru kwa masikio yenu. Jumatatu jioni, mlitazame shati langu.